Dawa Zinazotoboa Utando: Kumuua Bakteria na Kumwacha Mgonjwa



Kuua bakteria si kazi ngumu. Spiriti inaua. Jiki inaua. Maji yanayotokota yanaua kuliko dawa yoyote iliyo kwenye rafu za duka la dawa. Kwa hiyo mkisoma gazetini kwamba watafiti wamepata kemikali mpya inayoua bakteria sugu kwa dakika chache, msipige vigelegele bado. Ulizeni kwanza: imemwacha nani hai? Kundi la dawa nililopewa kulizungumzia leo, yaani zile zinazoshambulia utando wa bakteria, limejaa wauaji hodari ambao hawakufika wodini. Waliua bakteria kwenye mirija ya maabara, wakawaua ndani ya panya, kisha wakageukia figo za panya huyo huyo. Nitakayoyasema yote yanahusu ubaguzi, na kwa leo tu naomba mlipokee neno hilo kwa nia njema.

Tuanze na utando wenyewe. Kila seli hai, iwe ya bakteria, ya mchicha au ya mwanadamu, imezungukwa na utando wenye unene wa nanomita 5 hivi. Ukizipanga tando 20,000 za namna hiyo, moja juu ya nyingine, ndipo utapata unene wa karatasi moja ya daftari. Wengi wakisikia utando hudhani ni ganda. Utando ni mafuta. Ni safu mbili za molekuli, kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Mikia imejificha katikati, vichwa vimeelekea nje na ndani. Hakuna kilichofungwa na chochote. Molekuli zinateleza, zinapishana, zinabadilishana nafasi kutwa kucha. Mmeona macho ya mafuta juu ya mchuzi yanavyokutana na kuungana bila kuacha alama. Utando nao una tabia hiyo, na ndiyo maana tundu dogo hujiziba lenyewe. Anayetaka kuutoboa sharti aje na wenzake.

Na kwa nini autoboe? Kwa sababu hapo ndipo uhai wa bakteria ulipo. Bakteria husukuma protoni kutoka ndani kwenda nje bila kupumzika, na kwa kufanya hivyo hujenga tofauti ya umeme ya milivolti 150 hivi baina ya pande mbili za utando. Milivolti 150 hazimshtui mtu. Lakini zimebanwa ndani ya nanomita 5, na ukipiga hesabu utapata volti milioni 30 kwa kila mita. Umeme huo ndio unaoendesha mtambo wa kutengeneza nishati ya seli, ndio unaovuta chakula ndani, ndio unaozungusha mkia wa kuogelea, na ndio unaoziendesha baadhi ya pampu ambazo bakteria sugu huzitumia kutapika dawa zetu. Utando ukitoboka, potasiamu inamwagika nje, protoni zinarudi ndani kwa fujo, umeme unazimika, na bakteria anakufa kabla hajapata nafasi ya kujitengeneza.

Hapa dawa hizi zinaachana njia na penisilini. Penisilini humvurugia bakteria ujenzi wa ukuta wake anapokua. Bakteria aliyelala, asiyekua wala kujenga, huipita salama, akaamka baadaye mgonjwa akidhani ameambukizwa upya. Dawa ya kutoboa utando haina haja ya kungoja mtu aamke. Hata aliyelala ana utando.

Viumbe wengine wamelijua jambo hili muda mrefu kuliko sisi. Huko Stockholm, Hans Boman na wenzake walionyesha mwaka 1981 kwamba nondo mkubwa aitwaye cecropia hutengeneza peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zinazowapasua bakteria. Kisha akaja Michael Zasloff, daktari na mtafiti katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ambaye alikuwa akiwapasua vyura wa aina ya Xenopus laevis ili achukue mayai yao kwa utafiti mwingine kabisa. Huyo ni chura wa majini wa kusini mwa Afrika, mwenye kucha kwenye miguu ya nyuma. Alisambaa katika maabara za Ulaya na Marekani baada ya watafiti wa Cape Town, miaka ya 1930, kuonyesha kwamba jike akidungwa mkojo wa mwanamke mjamzito hutaga mayai. Kwa miaka mingi hicho kilikuwa kipimo cha mimba, na sijui wangapi kati ya wazazi wetu wanajua kwamba kuna watu duniani waliotangazwa kwanza na chura. Zasloff alikuwa akiwashona na kuwarudisha kwenye tangi la maji machafu. Vidonda vilifunga bila usaha. Mwingine angemshukuru Mungu na kuendelea na mayai yake. Yeye aliichambua ngozi, na mwaka 1987 akachapisha habari za peptidi mbili zenye asidi amino 23 kila moja, akaziita magainini. Sisi nasi tunazo za kwetu. Mojawapo, LL-37, iko kwenye ngozi na ndani ya chembe nyeupe za damu wakati huu mnaponisikiliza.

Magainini ikiwa ndani ya maji ni uzi uliolegea, hauna umbo. Ikigusa utando wa bakteria hujisokota, na msokoto huo una pande mbili: upande mmoja una chaji chanya na unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Vichwa vingi vya mafuta kwenye utando wa bakteria vina chaji hasi. Chanya huvutwa na hasi, basi peptidi hulala kifudifudi juu ya utando, ubavu wa mafuta umezama, ubavu wa chaji uko juu. Moja haifanyi kitu. Mia hazifanyi kitu. Zinajazana mpaka utando unakosa mahali pa kuzibeba, unakunjika, tundu linafunguka na zingine zinamiminika ndani. Mambo yanabadilika ghafla: chini ya kiwango fulani bakteria hana habari, juu ya kiwango hicho hapati hata muda wa kuanza kujitetea.

Sasa seli zetu. Sisi pia tuna mafuta yenye chaji hasi, ila tumeyaficha upande wa ndani wa utando. Uso wa nje hauna chaji ya kumvuta mgeni. Zaidi ya hayo tando zetu zina kolesteroli, ile ile tunayoilaani kwa ajili ya moyo, na kolesteroli huufanya utando uwe mzito kukunjika. Tofauti kati ya bakteria na mgonjwa ni hiyo tu: chaji kidogo upande wa nje, na kolesteroli. Ni tofauti ya kweli, lakini ni ya kiasi. Dozi ikipanda, peptidi inaanza kutosheka na utando wowote itakaoukuta.

Kuna kipimo kimoja ambacho kila kemikali ya namna hii hupitishwa mapema, na ningependa mkione kwa macho ya akili, kwa sababu kinasema mengi kuliko makala nyingi. Unachukua damu, unaiosha kwa maji ya chumvi, unaizungusha kwenye mashine, unamwaga maji, unaosha tena, mpaka maji ya juu yatoke bila rangi na zibaki chembe nyekundu peke yake. Unazigawa kwenye safu ya vishimo vidogo. Kwenye kishimo cha kwanza unatia kemikali yako kidogo, cha pili mara mbili yake, cha tatu mara mbili ya hiyo, hivyo hivyo hadi mwisho; na pembeni unaweka kishimo kimoja chenye sabuni kali ya maabara, ambayo inapasua kila kitu, ili uwe na cha kulinganisha. Saa moja kwenye nyuzi 37, kisha unazungusha tena. Pale ambapo kemikali imeziacha salama, utaona kitufe chekundu kimekaa chini na maji juu yake ni maangavu. Unasogea kulia. Kitufe kinapungua, maji yanaanza kuwa na rangi ya waridi. Unasogea tena, na kitufe hakipo: chembe zimepasuka, hemoglobini imemwagika, kishimo kizima ni chekundu kama kile cha sabuni. Mkononi una namba mbili, kiwango kinachoua bakteria na kiwango kinachopasua damu. Tuseme ya kwanza ni mikrogramu 4 na ya pili ni 8. Tupa. Tuseme ya pili ni 800. Sasa tuzungumze.

Tuzungumze tu, kwa sababu kishimo si mtu. Peptidi iliyotokana na magainini, pexiganani, ilitengenezwa kama krimu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa. Ilipojaribiwa tena miaka mingi baadaye haikuwashinda hata waliopakwa krimu isiyo na dawa. Peptidi zina matatizo mengine ambayo sitayachambua hapa: vimeng'enya vya mwili huzikatakata, na kuzitengeneza ni ghali.

Dawa moja iliyofika wodini ina historia ya kuchekesha. Daptomisini inatoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa Mlima Ararat, Uturuki. Kampuni ya Eli Lilly iliifanyia kazi miaka ya 1980, ikaona inaumiza misuli, ikaiweka kando. Kampuni nyingine, Cubist, ikainunua na kugundua kwamba kilichoumiza misuli kilikuwa zaidi ni ratiba kuliko dawa: ukiigawa mara mbili kwa siku misuli haipati nafasi ya kujirekebisha, ukiitoa dozi yote mara moja kwa siku, inaipata. Mwaka 2003 ikaruhusiwa. Daptomisini hubeba kalsiamu, na kwa msaada wake huyashika mafuta aina ya fosfatidiligliseroli, ambayo bakteria kama Staphylococcus wanayo tele kwenye uso wao. Shabaha nzuri kabisa. Ila mahali pamoja mwilini mwetu nasi tunayo mengi, nayo ni kwenye ute unaotandazwa ndani ya mapafu ili yasishikane. Daptomisini ikifika hapo inanaswa na ute, na nimonia inaendelea. Kwa hiyo dawa inayoweza kumtoa mgonjwa kwenye maambukizi ya damu haitumiki kwa nimonia. Nikifundisha somo hili hurudia mfano huo kila mwaka, maana wanafunzi wakishauelewa wanaacha kuniuliza ipi ni dawa "kali".

Niingize habari ya Pemba, ingawa si ya dawa mpya. Klorheksidini imetumika tangu miaka ya 1950, nayo pia huua kwa kuharibu utando: chaji chanya, utando hasi, potasiamu nje. Haimezwi wala haidungwi. Inapakwa juu ya ngozi, ambako tabaka la nje ni seli zilizokwisha kufa, na mfu haogopi kutobolewa. Nepal, Bangladesh na Pakistan walionyesha kwamba ukipaka kitovu cha mtoto mchanga dawa hiyo, vifo vinapungua. Ikaulizwa, na kwetu je? Kati ya 2011 na 2014 watoto 36,911 wa Pemba waliingizwa katika utafiti. Waliopakwa walikufa 10.5 kwa kila 1,000, ambao vitovu vyao viliachwa vikavu 11.7 kwa kila 1,000. Tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kuweza kuitofautisha na bahati. Bakteria wa Pemba wana utando kama wa Nepal. Kilichotofautiana ni watoto wanakufa kwa nini na wanazaliwa katika hali gani. Kisha likaja jambo la pili. Shirika la Afya Duniani lililazimika kutoa tahadhari kwa sababu katika nchi kadhaa za Afrika dawa hiyo ya kitovu ilitiwa machoni mwa watoto kwa makosa, wengine kwa kudhani ni dawa ya macho, na macho yakaharibika. Jicho halina tabaka la seli zilizokufa la kulikinga.

Mpaka hapa nimewasema zaidi bakteria wenye utando mmoja. Wanaotuua zaidi hospitalini ni wale wa Gramu hasi, kina Klebsiella, E. coli na Acinetobacter, ambao wana tando mbili, na ule wa nje umesheheni molekuli kubwa za sukari na mafuta zilizobanana, zikishikizwa pamoja na magnesiamu na kalsiamu. Dawa nyingi zinaishia hapo mlangoni. Utafiti uliofanywa katika wodi za watoto za Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ukachapishwa 2007, ulipima watoto waliolazwa na homa kali zinazoashiria maambukizi ya damu. Waliokutwa na bakteria wa Gramu hasi kwenye damu, asilimia 43.5 walikufa. Waliokutwa na malaria, asilimia 20.2. Tumezoea kumwogopa mbu, na tuna sababu. Takwimu hiyo ingefaa ibandikwe kwenye mlango wa kila wodi.

Dawa ya zamani ya kuvunja utando wa nje ipo: kolistini. Ilipatikana Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, kutoka kwa bakteria wa udongo. Inasukuma magnesiamu kando, inakaa mahali pake, na shehena yote inalegea. Lakini figo zinaumia, na mishipa ya fahamu pia, hivyo miaka ya 1970 madaktari wakaiacha mara walipopata dawa za upole. Bakteria walipozizoea hizo za upole, kolistini ikatolewa kabatini, si kwa sababu imebadilika bali kwa sababu tumebaki bila chaguo.

Kulikuwa na imani kwamba dawa za utando hazitazoeleka. Hoja ilisikika vizuri: bakteria anaweza kubadilisha protini moja, lakini atabadilishaje utando mzima? Zasloff mwenyewe aliwahi kuandika hivyo. Graham Bell, mtaalamu wa mageuzi ya viumbe, alibisha, na wawili hao wakafanya lililo nadra miongoni mwa wanazuoni: waliingia maabara pamoja kuuamua ubishi wao. Waliwalea bakteria ndani ya pexiganani, wakiongeza dozi kidogo kidogo. Baada ya vizazi 600 hadi 700 usugu ulikuwa umejitokeza, na mwaka 2006 matokeo yakatoka yakiwa na majina yao wote wawili. Kwa kolistini mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa 2015 watafiti wa China walitangaza jeni waliyoiita mcr-1, iliyokutwa kwa nguruwe, kwenye nyama, na kwa wagonjwa. Inachofanya ni kubandika kipande kidogo chenye chaji chanya kwenye molekuli za utando wa nje, kolistini ikakosa cha kushika. Na kwa kuwa imebebwa kwenye plazmidi, yaani kipande kidogo cha DNA kinachoweza kuhama, bakteria mmoja humpa mwenzake hata kama si wa aina yake. China ilikuwa ikiichanganya kolistini kwenye chakula cha mifugo ili wanenepe. Mwaka 2017 ikaacha.

Basi kemikali mpya zinajaribu nini? Naziona zimekwenda njia mbili, na sifichi ninayoipenda. Njia ya kwanza ni ile ile ya chaji, ila kwa ustadi zaidi, mara nyingine kwa msaada wa kompyuta. Halisini, iliyotangazwa 2020 na kundi la James Collins pale MIT, iliteuliwa na programu iliyofundishwa kwa molekuli 2,335, kisha ikapekua maelfu ya dawa zilizokwisha kujulikana. Ilikuwa imewahi kufikiriwa kwa kisukari. Haitoboi tundu la kuonekana. Inavuruga mpangilio wa protoni, na umeme niliowaeleza unayumba. Kwa panya imefanya kazi. Lakini umeme wa namna hiyo sisi nasi tunao, ndani ya mitokondria za kila seli yetu, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

Njia ya pili ni kutafuta kitu ambacho bakteria anacho na sisi hatuna kabisa, kiwe ndiyo anwani. Teiksobaktini, iliyotangazwa 2015, ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Marekani ambaye hakuwahi kukubali kuoteshwa maabara. Ilibidi aoteshwe ndani ya udongo wake mwenyewe. Inashika lipidi II, tofali ambalo bakteria hujengea ukuta, na mwili wa binadamu hauna lipidi II. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba ikishaishika hujipanga kuwa nyuzi juu ya utando, na nyuzi hizo zinaufanya utando uwe mwembamba na kuharibika. Mahali pasipo na lipidi II nyuzi hazijengeki. Ila haivuki utando wa nje wa Gramu hasi. Murepavadini ilielekezwa kwenye protini inayojenga utando huo wa nje wa Pseudomonas. Majaribio ya kuidunga yalisimamishwa 2019, figo tena. Zosurabalpini, iliyoelezwa mapema 2024 na watafiti wa Roche na Harvard, inaukaba mtambo unaosafirisha zile molekuli kubwa kwenda utando wa nje. Shehena inakwama njiani, bakteria anakufa. Inamlenga Acinetobacter, na haimgusi Klebsiella wala E. coli.

Wengine wanahesabu wembamba huo wa shabaha kuwa kasoro. Mimi nauhesabu kuwa bei. Dawa inayochagua hivyo inamdai daktari naye achague, na hawezi kuchagua bila kumjua bakteria aliye kwenye damu. Maana yake damu itolewe kabla ya dozi ya kwanza, itiwe kwenye chupa ya kuoteshea, ikae nyuzi 37 usiku wote bila umeme kukatika, na asubuhi pawe na mtu wa maabara anayejua anachokitazama. Takwimu za Muhimbili tunazo kwa sababu pale chupa hizo zilikuwepo. Katika hospitali nyingi za wilaya hazipo, na daktari wa zamu saa nane za usiku anaandika dawa pana kwa kukisia, kwa kuwa hana njia nyingine. Mpeni zosurabalpini leo, na hatajua ampe nani.

Nina dakika za maswali. Naona wafamasia wamekaa safu ya nyuma; waanze wao, hasa yule aliyetikisa kichwa niliposema kolistini imetolewa kabatini.